Kompyuta Niliyoivika Vitambaa

Mende akiungua ndani ya kompyuta hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine. Si ya nyama, si ya plastiki, si ya nywele, ila ina kidogo cha kila kimoja. Mimi iliniingia puani Jumatatu moja asubuhi, nimeketi sebuleni kwangu Kilosa, sebule ambayo majirani walikuwa wakivua ndala mlangoni bila kuambiwa. Na kwa kweli wasingevua ningewaambia.

Nianze na hilo la usafi, maana ndilo lililonifikisha pabaya. Mimi ni mtu wa ndani. Wapo watu wakikaa siku mbili bila kutoka wanaumwa. Mimi nikitoka siku mbili mfululizo ndiyo naumwa. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja ambalo halikunipeleka popote, nami nikaona sawa, kwa sababu popote ni mbali. Nikaolewa na fundi wa kuezeka nyumba, mtu wa kuzunguka na kazi zake, mimi nikabaki na sindano ya kufumia. Kila kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na viwili mikononi. Redio ilikuwa na kitambaa. Chupa ya chai ilikuwa na kitambaa chenye kofia. Mume wangu alikuwa akisema anaogopa kulala mchana pale sebuleni, asije akaamka amevishwa.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba imejaa sokoni, kiwanda hiki kinauzwa, shamba lile linauzwa, na vitu vya ajabu vikaanza kuletwa kwetu kutoka huko Mikumi kwenye barabara kuu. Kompyuta ilikuja hivyo. Mume wangu alikuwa akiezeka mabanda kwenye hoteli moja ya watalii, hoteli ikaleta mashine mpya, ya zamani ikatolewa nje pamoja na magodoro. Aliichukua kwa bei ya kutupa, akaileta nyuma ya pikapu imezungushiwa godoro moja kati ya yale, godoro lenye madoa ambayo mpaka leo sitaki kuyafikiria.

"Nimekuletea mwenzio," akasema akiiweka mezani. "Mke mdogo. Hali, havai, na hana maneno."

Kwenye kuvaa alikosea. Wiki haikuisha nilikuwa nimemfumia mke mdogo nguo kamili. Monita ilipata kitambaa cha waridi. Kibodi ilipata chake chembamba. Sipiyu, lile sanduku lenyewe lenye kazi, nililifumia kitambaa cheupe kikubwa chenye nyuzi ndefu za kuning'inia, zikashuka mpaka nyuma zikafunika nyaya, maana nyaya zile zilinitia kinyaa; nilikuwa nikiziona kama utumbo wa mbuzi. Juu yake nikaweka chombo cha maua ya plastiki. Wageni wakija walisifu kwanza kitambaa, halafu ndipo waliuliza chini yake kuna nini.

Nilikwenda Morogoro kusoma kozi ya wiki mbili, safari ambayo nimeisimulia miaka yote kama wengine wanavyosimulia vita. Nikarudi najua kuchapa. Nikawa nachapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na ratiba za mahafali. Mkufunzi wa kule alitukaririsha kwamba kompyuta haisahau. Nililiamini neno hilo kuliko nilivyowahi kuamini neno lolote nililofundishwa shuleni.

Sasa mama mkubwa.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa mkunga wa kambi katika shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Kambi ile ilikuwa ya manamba, vibarua walioletwa zamani kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge, wakazaa, watoto nao wakazaa. Kila mtoto aliyempokea alimwandika kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu: siku, jina la mama, jina la baba na alikotoka, na laini waliyokuwa wakiishi, laini maana yake safu ya nyumba za kambi. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walikuwa na mama mkubwa.

Shamba likauzwa. Mmiliki mpya akatangaza kwamba familia zitakazothibitisha kuwa ni za kambi zitakatiwa viwanja hapohapo. Nyingine zitafute pa kwenda. Kikao cha kuthibitisha kingefanyika Jumatatu. Mama mkubwa akaja kwangu miezi mitatu kabla, kaunta buku ameifunga kwenye khanga. Macho yalikuwa yamempungua. Kusoma mpaka karatasi iguse pua.

"Mwanangu, nataka herufi kubwa," akaniambia. "Kila mtu pale kikaoni aone. Andika kama kilivyo, usiniongezee, usinipunguzie."

"Sawa, mama."

Nikaifungua baada ya yeye kuondoka. Kitabu kile, jamani, kilikuwa kinanuka kama ndani ya pango la popo. Kurasa zimeshikana kwa dawa ya zambarau. Madoa ya kahawia ambayo nilijua ni ya nini. Mavi ya panya kwenye mshono. Ukurasa mmoja ulikuwa na uzi wa kufungia kitovu umekauka umejikunja kama mnyoo. Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, nikafunga kitambaa puani, nikachapa nikiwa hivyo kwa miezi miwili. Mume wangu alikuwa akipita nyuma yangu na kuuliza kama daktari ana nafasi.

Pembeni mwa majina fulani kulikuwa na msalaba mdogo. Hao walikufa siku ileile au wiki ileile, na mama mkubwa alikuwa ameandika walipozikwa: nyuma ya laini ya tatu, kando ya reli ndogo, kwenye mkwaju wa kisima. Hao niliwaruka. Niliona marehemu hahitaji kiwanja, orodha itakuwa safi, na mama wa watu hawatakumbushwa machungu mbele ya kikao. Nilijiona mwenye huruma na akili kwa pamoja, jambo ambalo halijanitokea tena.

Nilipomaliza jina la mwisho nikaliambia lile sanduku litunze, likatunza. Kuprinta hakukuwezekana kwa sababu utepe wa wino wa printa ulikuwa umekauka na mwingine ulikuwa haujapatikana. Mtu mwenye akili timamu angesubiri karatasi zitoke kwanza. Mimi nilitazama kile kitabu juu ya meza yangu, kando ya kitambaa changu cheupe, nikaona siwezi kulala nacho nyumba moja usiku mwingine. Kompyuta haisahau. Nikakipeleka kwa muuza karanga wa pale karibu na stesheni, kama kila mtu alivyokuwa akimpelekea madaftari ya watoto na magazeti. Alikipima kwa mkono, akasema kina kurasa nyingi, akanishukuru kwa kijiko cha karanga. Nikazila njiani.

Sasa mke mdogo akaanza kuumwa. Kwanza uvivu. Nikiwasha, naosha vyombo, nafagia uwani, narudi, bado anajifikiria. Nikibonyeza herufi, inatokea baada ya muda, kama mtu anayeitwa akiwa chooni. Kisha akaanza kuandika maneno ya Kiingereza kabla hata hajaamka, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kiliniwezesha kuelewa kwamba analalamika tu. Siku moja alilalamika kuwa hana kibodi, na kibodi iko palepale imevaa. Siku nyingine hakujua tarehe: kila nikimwasha alidai tuko Januari ya mwaka ambao mimi nilikuwa shule ya msingi. Narekebisha, nazima, kesho tena Januari ileile. Mashine iliyobeba tarehe za kuzaliwa za kambi nzima haikujua leo ni lini.

"Mke mdogo kaamkaje?" mume wangu aliuliza kila asubuhi.

"Ameamka darasa la pili."

Ndipo ikaja ile Jumatatu ya harufu, wiki moja kamili kabla ya kikao. Niliwasha, ikalia pii, pii, pii, skrini ikabaki nyeusi, na harufu ikatoka polepole kupitia matundu ya kitambaa changu. Nikazima, nikawasha. Pii, pii, pii. Nikaenda kukaa jikoni. Ukikaa jikoni kwa mambo kama hayo unaona vizuri: kaunta buku iko kwa muuza karanga, orodha iko ndani ya sanduku linalolia, na Jumamosi mama mkubwa anakuja kuichukua.

Jumanne nilijaribu utabibu. Nilivuta nyaya zote nikazirudisha, huku nimefumba macho kwa kinyaa. Nikafuta kila kitu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Nikapuliza dawa ya mende kwenye matundu ya nyuma, sana, mpaka ikatiririka. Hiyo nayo haikusaidia, nikaona labda ni unyevu, kwa hiyo nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya kwa kunde zenye wadudu: nikatandika mkeka uwani, nikaianika juani. Monita upande huu, sipiyu upande ule, na kibodi nikaigeuza mara mbili ili iive pande zote.

Mume wangu alirudi akakuta vile.

"Unamkausha umuuze kwa kilo?"

"Niache."

"Basi mpige kwanza kwenye gunia, makapi yatoke."

Wakati anasema hayo mende walikuwa wakitoka kwenye matundu. Walitoka wakatembea kwenye mkeka, wakapata jua, wakaona halifai, wakarudi ndani kwa foleni. Wakubwa, wa rangi ya chai, mmoja amebeba mayai nyuma kama mfuko wa ugoro. Mkeka wangu. Uwanja wangu niliokuwa naufagia mara mbili. Mume wangu aliacha kucheka akaniangalia vizuri.

"Orodha ya mama mkubwa imo humo?"

"Imo."

"Na kile kitabu chake?"

Nikaanza kukunja ncha ya mkeka. Tumeoana muda mrefu, akajua. Akaketi kwenye kizingiti akavua kofia.

"Mikumi kuna fundi," akasema. "Anatengeneza redio za madereva wa malori. Kompyuta za hotelini anafungua yeye. Kesho uende."

"Nenda wewe."

"Mimi nina paa la watu liko wazi. Na mende ni wako."

Safari ya Mikumi sitaieleza sana. Sipiyu niliipakata kwenye kitenge kama mtoto, vumbi lilinijaa mpaka kope, na nilitapika pale Ulaya, kijiji cha njiani, nikawa wa kwanza katika ukoo wetu kufanya hivyo Ulaya. Fundi nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, ameketi katikati ya redio zilizopasuliwa. Tuliposalimiana tukaulizana kwetu ni wapi, ikaonekana watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani. Nilijua hapo nimekwisha. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

Akafungua skrubu nne kwa bisibisi, akavuta kava. Akairudisha haraka.

"Mtani," akasema taratibu, "umeniletea kompyuta au umeniletea choo cha shule?"

Akaifungua tena, safari hii akiwa amesimama mbali. Sina haja ya kuongeza chumvi. Mle ndani mlikuwa na blanketi. Vumbi la miaka lilikuwa limeshikana na moshi wa jikoni na mafuta ya maandazi, likawa kitu cha kijivu chenye manyoya, laini, chenye unyevunyevu wa ile dawa niliyopuliza. Kwenye blanketi hilo kulikuwa na mende wazima, mende wafu, maganda ya mende, mayai, na punje nyeusi za mavi zilizotapakaa kama ufuta. Mjusi alikuwa amekauka juu ya vile vibamba vidogo vya kumbukumbu, miguu imetanuka, mkia umeungua. Nilitazama kidogo nikaenda nyuma ya kibanda. Nilipokuwa nyuma ya kibanda nilimsikia akiwaita wauza nyama choma wa jirani waje kuona.

Niliporudi alikuwa ameshika kitu kwa koleo.

"Hii nini, mtani?"

Zilikuwa nyuzi. Nyuzi nyeupe za kitambaa changu, zile ndefu za kuning'inia, zimevutwa na feni ya nyuma zikajizungusha kwenye shingo yake mpaka feni ikanyongeka isizunguke tena. Alizikata kwa wembe zikatoka za kijivu.

"Ni kitambaa," nikasema. "Huwa naifunika."

"Unaifunika ikiwa imezimwa?"

"Na ikiwa inawaka. Inapendeza."

Akawageukia wauza nyama. "Mnasikia? Ameivalisha sweta. Mashine inatoka jasho, haipati pumzi, inaenda taratibu kama mgonjwa, yeye anasema inapendeza." Kisha kwangu: "Mende wanapenda penye joto na giza. Wewe umewajengea nyumba ya wageni, ukawawekea na pazia."

Sikukasirika, kwa sababu siruhusiwi, na kwa sababu nilikuwa bado nanusa. Nikamweleza habari ya orodha, ya kambi, ya kikao, mpaka ya kaunta buku kwa muuza karanga. Wauza nyama wakaondoka mmojammoja. Mtani naye akaacha maneno. Alimtoa mjusi, akapuliza blanketi lote kwa pampu ya baiskeli, akasugua kwa brashi ya rangi na spiriti. Vile vibamba alivichomoa akavifuta meno yake kwa kifutio cha penseli kama mtoto anayefuta jibu baya. Akaweka betri ndogo mpya, duara, kama sarafu. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikisahau tarehe. Kibodi akaigeuza akaigonga, zikamwagika chembe za sukari na kipande cha andazi. Kitufe kimoja kilikuwa kimenasa kwa chai, ndiyo maana mashine ilikuwa inaamka na kulalamika. Mimi niliyekuwa nikivulisha watu ndala.

Akaunganisha monita yake, akawasha. Pii moja tu, fupi. Feni ikavuma. Kabla sijamaliza kufunga kitenge vizuri ilikuwa imeamka, na majina yalikuwepo. Yote niliyochapa. Nilisoma mawili matatu kwa sauti bila kukusudia, na mtani akaangalia barabarani, akajifanya anatafuta bisibisi.

"Siku nyingine usiivishe nguo," akasema aliponipa na utepe wa wino aliokuwa nao kabatini. "Iache uchi. Na mjusi wako nakutunzia, nitakuja naye siku ya harusi ya bintiyo."

Ijumaa niliprinta. Herufi kubwa, nyeusi, karatasi nyeupe, mistari imenyooka. Nikazipanga, nikazibana, nikazifunika kwa kitambaa. Kompyuta niliiacha uchi kama nilivyoagizwa, nikaona aibu kuitazama.

Jumamosi mama mkubwa akashuka kwenye gari la Kimamba, akatembea polepole mpaka kwangu. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuvua ndala. Nilipiga macho miguuni nikanyamaza. Aliketi kwenye kiti chenye vitambaa vitatu, mkono wa kulia ameshika karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya kuchongoka. Alikuwa hazili. Alikuwa ameishika karatasi karibu na pua.

"Nimenunua karanga hapo stesheni," akasema. "Nikashangaa, mbona zina kalamu nyekundu."

Nilitamani ile harufu ya mende irudi, nipate la kusingizia. Nikamletea zile karatasi zangu haraka, nikamwambia yote yapo, mama, yote, herufi kubwa, tazama. Akazipokea. Akasoma ukurasa wa kwanza akiuburuza puani, kisha akaikunjua ile ya karanga mapajani, karanga zikamwagika kwenye kapeti, hakuzitazama. Akalinganisha.

"Huyu mbona simwoni?"

"Yupi, mama?"

"Huyu wa laini ya tatu. Mapacha. Mmoja umemwandika, mwenzake yuko wapi?"

"Yule alikufa, mama. Waliokufa sikuwaweka. Niliona hawahitaji kiwanja."

Aliilaza ile karatasi ya karanga juu ya zile nyeupe zangu.

"Walio hai," akasema, "yule bwana aliyenunua shamba anaweza kuwaambia mmehamia juzi. Mtu hai anatembea. Aliyezikwa pale hajahamia kutoka popote. Nani atamwondoa mama kwenye ardhi alimomzika mwanawe? Hao ndio niliokuwa napeleka kikaoni. Hawa wengine wako nilikuwa nawasindikiza tu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nilikwambia uandike kama kilivyo."

"Ndiyo, mama."

"Kitabu kilikunukia vibaya?"

Nikasema ndiyo.

"Ni kweli kinanuka," akasema. "Kuzaa kunanuka. Na wewe nilikupokea mimi, unakumbuka ulivyokuwa?" Akainuka. "Twende kwa huyo mama wa karanga."

Hivyo ndivyo mtu wa ndani alivyoonekana stesheni siku nzima ya Jumamosi. Muuza karanga alikuwa na nusu ya kitabu bado chini ya ndoo. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshafungwa tayari kwenye sinia, na nyingine zimekwenda na watu. Alipoelewa alijishika kichwa, kisha akatusaidia. Mama mkubwa aliketi kwenye kigoda chake, akikunjua karatasi mojamoja na kuileta puani. Mimi namimina karanga kwenye beseni na kunyoosha karatasi pajani. Zilikuwa zimelowa mafuta, zina chumvi, zina maganda mekundu yaliyogandia kwenye majina. Zilizokwisha kuuzwa niliziokota mwenyewe. Nilipita kwenye mabenchi ya kusubiria, nyuma ya vibanda, kando ya reli, nikiinama kwenye takataka ambazo maisha yangu yote nilikuwa nazikwepa kwa kuinua gauni. Moja niliitoa kwenye mtaro. Nyingine ilikuwa imefutiwa na mtu kitu ambacho sikiandiki. Niliiosha bombani polepole, kalamu nyekundu haikutoka, ikasomeka: mtoto wa kike, kwenye mkwaju wa kisima.

"Mama," watu walinitania, "leo umetoka? Nani kakufukuza?"

"Karanga," niliwajibu.

Hatukuzipata zote. Kurasa saba hazikuonekana kabisa, na kwa hizo mama mkubwa alinisimulia jioni kwa kichwa, akifumba macho, na mimi nikachapa kila msalaba. Mashine ilikwenda kama maji. Kila herufi ilitokea hapohapo. Nikaprinta upya, walio hai na waliokufa, nikamfungia zile karatasi nyeupe kwenye bahasha, na zile za mafuta kwenye mfuko wa nailoni, kwa mbali, kwa ncha za vidole. Akautoa ule mfuko mikononi mwangu akaufunga kwenye khanga yake, tumboni.

Kikaoni sikwenda. Nilikuwa nimetoka vya kutosha kwa mwaka ule. Mama mkubwa alirudi Jumatano akanisimulia. Aliwapa kwanza karatasi zangu. Yule bwana wa shamba akazigeuza, akasema zimechapwa vizuri sana, ila karatasi ya mashine mtu yeyote anaweza kuchapa jana yake. Ana mashine kama hiyo ofisini. Ndipo mama mkubwa akafungua khanga. Akaziweka mezani zile zenye mafuta na chumvi na damu ya zamani, na zambarau, na mavi ya panya. Mwenyekiti wa kikao aliziinua kwenye mwanga akaanza kusoma misalaba, na kila aliposoma mahali, mwanamke mmoja au wawili walisimama wakaonyesha kwa mkono, ni pale. Wakaenda kwa miguu kukagua, na makaburi yalikuwepo. Familia za kurasa ambazo hatukuzipata ziliambiwa zisubiri kwanza. Zilisubiri miaka miwili, na mbili kati yake ziliondoka kabla ya kujibiwa. Nazijua zote kwa majina, nilizichapa.

"Na karatasi zangu?" nikauliza.

Akatoa bahasha kwenye mkoba, haina hata mkunjo, akaniwekea mezani kando ya kompyuta.

"Hizi ni safi," akasema. "Mpelekee mama wa karanga."